Trei Kumi, Oveni Mbili

Sandwichi moja ya moto haina shida: unaipika, unaila. Sandwichi 240 ni kazi ya namna nyingine. Ya kwanza ikitoka ovenini laini, halafu ya mwisho ikafika mezani imelowa chini, imekauka pembeni au imepoa, basi yuko mtoto nyuma ya foleni ambaye hakupikiwa sawa na wenzake. Mama niliyemtazama akiifanya kazi hii, katika jiko la kanisa moja mjini Lexington, jimbo la Kentucky, alipanga kila hatua akimfikiria huyo wa nyuma.

Lexington ina Wakongo wengi, na Kiswahili cha Kivu utakisikia kwenye foleni za maduka na katika viwanja vya shule. Vijana wa kanisani humwita Mama Mkubwa, nami nitamwita hivyo. Kwao ni Masisi, huko huko Kivu, kwenye vilima vya malisho vinakotoka yale magurudumu ya jibini ya njano yanayouzwa Goma. Sasa anafanya kazi kwenye kaunta ya nyama na jibini ya supamaketi moja, anakata na kupima mchana kutwa. Jumamosi niliyomtazama, kwaya za watoto za makanisa kadhaa zilikuwa zinakutana. Wazee walipikiwa bugali, sombe (kisamvu) na samaki. Watoto, wasiofika 120 kwa idadi, waliahidiwa sandwichi za oveni, kila mmoja mbili.

Hesabu ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji tangu Jumatano. Mikate ni ile midogo, laini, yenye utamu kidogo, iliyookwa ikiwa imeshikana, 12 katika bamba moja. Msomaji wa Dar es Salaam azifikirie skonzi kabla hazijaachanishwa. Mabamba 20, mawili kwa kila trei. Kila bamba linataka nyama gramu 450, jibini gramu 250 na siagi gramu 115. Ukizidisha, unapata kilo 9 za nyama, kilo 5 za jibini na zaidi kidogo ya kilo 2 za siagi. Oveni ni mbili na kila moja inameza trei mbili, kwa hiyo trei 10 ni mizunguko mitatu: nne, nne, mbili. Chini ya hesabu hiyo ameandika saa ya kula, na kutoka hapo ameshuka kinyumenyume, dakika kwa dakika, hadi saa ya kutoa mikate kwenye friji.

Mikate hii yenyewe imesafiri. Wareno wa Madeira na Azores walianza kufika Hawaii kwa wingi mwaka 1878 kufanya kazi katika mashamba ya miwa, wakaja na mkate wao mtamu. Mwaka 1950 Robert Taira, mzaliwa wa visiwa hivyo kutoka familia ya wahamiaji wa Kijapani, alifungua duka la mikate mjini Hilo, na mkate wa namna hiyo ukampa jina; mwaka 1977 kampuni yake ilianza kuuoka Torrance, California, na kutoka huko ukaenea Marekani nzima. Kwa anayepikia umati, faida yake kubwa ni kwamba haujaachanishwa. Unakata, unapanga na kuoka sandwichi 12 kwa mkupuo. Lakini ile sukari iliyomo huufanya uso wake ugeuke rangi mapema, kabla joto halijafika katikati. Nusu ya ufundi wa Mama Mkubwa ni kuishinda hiyo sukari.

Nyama ilikatwa Ijumaa, mwisho wa zamu. Aliikata upande wa ndani wa kaunta, akavua aproni, akazunguka upande wa wateja na kuilipia. Mashine yenyewe ni kisu cha duara kinachozunguka, na mbele yake kiti cha chuma kinachobeba pande la nyama na kuteleza mbele na nyuma. Sheria ya kazi ya Marekani haimruhusu mwajiriwa aliye chini ya miaka 18 kuigusa, na ukiitazama huhitaji kuelezwa kwa nini. Mama Mkubwa huiendesha bila haraka. Mkono wa kulia unasukuma kiti, wa kushoto unapokea kipande kinapodondoka na kukilaza kikiwa kimekunjika, na mikono hiyo miwili haigombani. Nyama ya bata mzinga aliikata nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Pande la nyama ya ng'ombe iliyookwa aliligeuza kwanza, akatafuta nyuzi zinaelekea wapi, ndipo akaliweka ili kisu kizikate kwa kukingama. Hapo kuna sababu inayohusu meno ya watoto: kipande kinene, au kilichokatwa kufuata nyuzi, hakikatiki kwa kuuma mara moja. Mtoto akivuta, kinatoka chote na kuuacha mkate mtupu mkononi.

Trei mbili zilikuwa za watoto wa majirani Waislamu waliokuja kuwasikiliza wanafunzi wenzao. Nyama ya trei hizo hakuipitisha kwenye ile mashine, kwa kuwa mashine hiyo hukata na nguruwe. Aliinunua ya ng'ombe kwenye duka la nyama halali, akaioka nyumbani, akaiweka kwenye friji usiku kucha hadi ikakaza, na asubuhi akaikata kwa kisu cha mkono, juu ya ubao wake peke yake. Vipande vile niliviweka kando ya vya mashine. Tofauti ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo mno, na nadhani ni yeye tu aliyesumbuka nayo.

Jumamosi asubuhi kazi ilianzia kwenye mkate. Mkate laini haupendi kisu. Ukiukata ukiwa na joto la chumba unabomoka na kuviringika. Ndiyo maana mabamba yalilala kwenye friji, yamefungwa yasikauke. Kisu chake ni kirefu kuliko upana wa bamba, chenye meno, na hakitumiki kwa kitu kingine. Analiweka bamba kwenye ukingo wa meza, kiganja cha kushoto kikiwa bapa juu yake bila kukandamiza, kisha anaingiza kisu kwenye kona moja na kupita pande zote nne, kina cha vidole viwili, akiligeuza bamba badala ya kuupinda mkono wake. Mfereji ukishazunguka na kukutana na mwanzo wake, ndipo anaingia katikati. Kisu hakina tena mahali pa kupotelea, kwa sababu pande zote zimeshakionyesha njia. Tabaka la juu analinyanyua kwa viganja viwili, kama anayemhamisha mtoto aliyelala, na kulilaza pembeni bila mkate hata mmoja kuachana na wenzake.

Alifanya hivyo mara 20. Nilikuwa nikitafuta mahali ambapo unene ungezidi au kupungua, na sikupaona.

Matabaka ya chini yakaingia ovenini peke yake kwa dakika 5, uso uliokatwa ukiangalia juu, hadi ukawa mkavu kwa kugusa. Yakiwa bado na joto, akayapaka siagi nyembamba hadi kwenye kona. Hatua hizi mbili wengi huziruka, na mimi naziona ndizo zinazoamua hatima ya sandwichi za umati. Mkate unaoliwa papo hapo hauna muda wa kulowa. Huu utakaa karibu saa nzima na nyama yenye maji juu yake. Uso uliokaushwa hunywa polepole, na mafuta hayakubali maji yapite. Kisha juu ya siagi ikaja jibini, ambayo nayo ni ukuta wa pili.

Kwenye jibini ndipo ulipoonekana utoto wake wa Masisi. Alikuwa ameichagua provolone changa, na kabla ya kukubali furushi aliomba kipande kimoja akakikunja. Kilichopinda bila kupasuka kinafaa. Jibini iliyokomaa sana ina ladha kubwa zaidi, lakini ikipata moto hutoa mafuta yake pembeni na kubaki na chembechembe, wakati changa hulegea yote kwa pamoja na kuvutika. Mafuta yaliyomo hulegea mapema sana, na utando wa protini hufuata baadaye, kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, ndipo inapotiririka. Alinieleza haya kwa vidole, akikivuta kipande na kukiachia, na hakutaja protini hata mara moja.

Vipande vya provolone ni vya duara na bamba la mkate lina pembe nne. Ukivipanga vizima, mikate ya konani inapata robo ya jibini na ya katikati inapata mara mbili. Yeye hukata kila duara katikati, na kuweka upande ulionyooka ukiangalia nje, sambamba na ukingo, kisha anajaza katikati kwa nusu zilizobaki. Hakuna kinachoning'inia nje, maana jibini inayoning'inia huungua kwenye trei na moshi wake huingia kwenye kila kitu. Kuna jibini chini ya nyama na jibini juu yake: ya chini inaulinda mkate, ya juu inalishika tabaka la juu lisiteleze mtoto anapouma.

Nyama ilikaushwa kwanza. Msichana mmoja wa kwaya alikuwa na kazi hiyo tu: kutandaza vipande kwenye karatasi ya jikoni, kubonyeza kwa karatasi nyingine, kugeuza, kubonyeza tena. Mama Mkubwa alivichukua kwa vidole vitatu na kuvikunjakunja huku akiviweka, ili kati ya mikunjo kubaki nafasi. Nyama iliyolazwa bapa hugandana na kuwa pande moja zito. Alipomaliza bamba, alichuchumaa hadi macho yake yakawa usawa wa meza, akalitazama kwa ubavu. Palipokuwa na kilima alipunguza, palipokuwa na bonde akaongeza. Kilima kidogo cha nyama katikati ya trei kinaongeza dakika kadhaa kwenye kuoka, na dakika hizo wanaozilipia ni mikate ya pembeni.

Nyanya na majani ya saladi hayakuingia. Matango ya siki yalikamuliwa na kuwekwa bakulini, ya kuliwa kando.

Mchuzi wa juu ulipikwa kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Vitunguu vilivyokwanguliwa na kukamuliwa maji vilikaangwa ndani ya siagi mpaka vikawa laini bila kupata rangi, kisha kitunguu saumu kidogo, haradali, na mwisho ufuta. Chumvi hakutia, nyama na jibini zilikuwa nayo ya kutosha. Siagi hupanda juu na haradali hushuka chini, kwa hiyo kila alipochovya brashi alikoroga kwanza, hata kama alikuwa amekoroga sekunde chache zilizopita. Asingefanya hivyo, trei ya kwanza ingepata mafuta matupu na ya kumi ingepata haradali tupu. Alipaka nusu ya mchuzi na kuiweka nusu ya pili karibu na moto isigande.

Baada ya kupaka, akaacha. Trei nne zilikuwa tayari, oveni zilikuwa na joto la nyuzi 175, na kijana aliyekuwa na glovu mikononi alikuwa ameshaushika mlango.

“Mbio ya nini, mwanangu?” akamwambia. “Acha mkate unywe kwanza. Njo vile.”

Zikapita dakika 15. Mchuzi uliokuwa unang'aa juu ya mikate ukazama, na mikate ikabaki na mng'ao hafifu tu. Ukiiingiza kabla ya hapo, siagi huchuruzika kwenye mifereji kati ya mikate, inafika chini na kuyakaanga matako ya mikate huku juu kukibaki kukavu.

Kisha akafunika kila trei kwa karatasi ya aluminiamu, akaikunja katikati ili isimame kidogo na isiguse uso wa mkate. Kona moja aliiacha wazi upana wa kidole. Karatasi inaizuia sukari isiungue wakati joto linasafiri kwenda katikati; ile kona inatoa mvuke, maana mvuke ukifungiwa wote unarudi kuwa maji juu ya mkate. Joto alilokuwa analitafuta katikati halikuwa la kuyeyusha jibini tu. Kati ya watu wazima ambao wangeonja sandwichi hizi walikuwemo akina mama wajawazito, na nyama za kaunta za namna hii zinaweza kubeba bakteria aitwaye Listeria, ambaye huendelea kuongezeka hata ndani ya friji. Mamlaka za afya za Marekani zinawashauri wajawazito wazile zikiwa zimepashwa hadi nyuzi 74. Kwa hiyo alipika zote kwa kipimo chao. Kipimajoto chembamba kiliingia kwa ubavu hadi katikati ya bamba, na kisiposoma 74 aliufunga tena mlango.

Oveni za jiko lile anazijua kila moja kwa tabia yake. Zamani kidogo alitandaza vipande vya mkate mtupu juu ya rafu nzima, akawasha, akasoma rangi: oveni ya kushoto huunguza kona ya nyuma, ya kulia ni kali kwenye rafu ya chini. Tangu hapo, katikati ya kuoka, trei zinabadilishana rafu na kugeuzwa mbele nyuma. Baada ya dakika kama 15 karatasi zilitolewa, nusu ya pili ya mchuzi ikapakwa, na sasa hakutoka mbele ya kioo cha oveni. Dakika 5 hizi za mwisho huwa hazipimi kwa saa. Anaangalia ufuta. Ukianza kupata rangi ya asali kwenye mikate ya katikati, anatoa.

Mzunguko wa kwanza ulipaswa kuusubiri wa tatu, na kusubiri nako kulikuwa na ufundi wake. Yale makasha ya plastiki ambayo watu huyajaza barafu na soda hutunza joto vizuri kama yanavyotunza baridi. Aliyajaza maji ya moto mapema, akayamwaga wakati trei zinatoka, akayakausha na kuyatandika taulo. Mabamba yakateleza ndani juu ya karatasi yake ya kuokea, yakiwa mazima, hayajakatwa, kwa kuwa kila mkato ni mlango wa joto kutokea. Hakuyapandanisha moja juu ya jingine. Kati yao aliweka trei tupu. Chini ya mfuniko akaweka taulo kavu ya kunywa mvuke. Kwenye kila kasha aliandika kwa kalamu ya wino mzito namba ya mzunguko na saa, na mabamba ya watoto wa majirani yalikuwa na kasha lake. Kanuni za chakula za Marekani zinataka chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57 kikiwa kinasubiri walaji. Alipolifungua kasha la kwanza, baada ya kama dakika 50, kipimajoto kilisoma 63.

Kukata kulifanyika mezani, mbele ya watoto wenye njaa, na hata hapo mkono wake haukubadili mwendo. Hakutumia kisu cha meno, ambacho kingeivuta jibini kama uzi kutoka mkate hadi mkate. Alitumia bati pana lenye mshiko wa mbao, aina ile ya kugawia unga uliokandwa: unaliweka kwenye mshono, unasukuma moja kwa moja chini, unainua. Mara tano kwa kila bamba, na sandwichi 12 zinaachana zikiwa na kingo nne safi. Foleni ilisogea haraka kuliko nilivyotarajia.

Kutoka kila mzunguko alikuwa ameweka sandwichi moja kando. Watoto walipokuwa wanakula, alizipanga tatu hizo kwenye ubao, akazigeuza chini juu, akabonyeza matako yake kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. Ya kwanza na ya pili zilirudi. Ya tatu nayo ilirudi, ila rangi yake ilikuwa imefifia kidogo. Mimi nisingeiona. Alimwita yule kijana wa glovu, akamwonyesha, akamweleza kwamba mzunguko wa mwisho ulikuwa na trei mbili tu, moja katika kila oveni, na zote ziliwekwa rafu ya juu. Mwezi ujao kuna ubatizo, na mzunguko wa mwisho ukibaki na trei mbili tu, zianzie rafu ya chini.